Wasifu wa Walio Hai

Pale Kambini, nyuma ya Magoma, mtu hazikwi mpaka karatasi ya Emiliana isomwe. Jeneza linaweza kuwa tayari, kaburi limeshachimbwa, katekista amevaa kanzu yake, na mawingu yanashuka kutoka upande wa Bungu kwa vitisho, bado watu watasimama palepale wakimsubiri mama yule mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, aje mbele, akohoe mara mbili na kuanza: "Marehemu wetu alizaliwa..."

Wageni huona ni mbwembwe. Si mbwembwe. Kambini ilijengwa zamani kwa ajili ya wakata mkonge, watu waliotoka Njombe, Songea, Kigoma na ng'ambo ya Ruvuma, wakaitwa manamba kwa sababu msimamizi hakuwa na haja ya majina yao, namba ilimtosha. Wengi walifia hapa na kuzikwa hivyohivyo, na leo mjukuu ukimuuliza babu yake amelala wapi, atakuonyesha shamba zima kwa kidole. Shamba lenyewe halina mwenyewe siku hizi. Mkonge umejiotea ovyo, milingoti yake imesimama mamia kwa mamia, na upepo ukivuma inagusana na kutoa sauti kama ya watu wanaonong'ona wakiwa wamekupa mgongo. Watoto wa watu waliozikwa bila jina hawataki nao kwenda bila maneno, na ndiyo maana wasifu wa marehemu kwao ni jambo kubwa kuliko chakula cha msibani.

Emiliana hakuisomea kazi hiyo. Aliishia darasa la saba, akaolewa, akafungua genge la nyanya na dagaa. Miaka kumi na tisa iliyopita mumewe alifariki, na mtu aliyepewa kazi ya kuandika wasifu aliandika mistari minne. Mistari minne, kwa mume aliyejenga nyumba kwa mikono yake, aliyeimba besi kanisani mpaka mabenchi yakatetemeka! Emiliana alikasirika kiasi kwamba hasira ile ndiyo iliyomvusha msibani. Matanga yalipokwisha alinunua kaunta buku, akamwandika mumewe upya kurasa sita, akaenda kumsomea kaburini peke yake. Tangu hapo kila aliyefiwa alimwita, na watu wakampachika jina la Mama Wasifu.

Alikuwa na utaratibu wake. Alifika kwa wafiwa asubuhi, akaketi mkekani, akafungua kaunta buku na kuuliza: marehemu alizaliwa wapi, wazazi ni akina nani, alisoma, alifanya kazi gani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Ugonjwa aliupitia juu juu, "baada ya kuugua kwa muda mfupi," maana hakuona raha kutaja vidonda na mikojo ya watu hadharani. Halafu akafika kwenye kipande chake mwenyewe, ambacho hakuna mwandishi mwingine wa wasifu huko kote aliyekuwa nacho: siku ya mwisho. Alikula nini? Alimsalimu nani? Alisema neno gani? Kipande hicho ndicho kilichowaliza watu, na tusimfiche, Emiliana alipenda kuwaliza. Akisimama pale na karatasi, akasikia kwikwi ya kwanza kutoka upande wa akina mama, moyo wake ulikuwa unajaa. Wafiwa wasipokumbuka lolote, alitia chumvi kidogo. Mlevi aliyekufa akitukana alipewa wimbo wa Bikira Maria. Nani angelalamika?

Mwezi wa pili mwaka huu alikufa Habakuki, seremala, mtu wa miaka arobaini na tano ambaye hakuna aliyewahi kusikia anaumwa. Alianguka kwenye karakana yake, randa ikiwa mkononi. Emiliana alimkuta mjane, Ritha, ameketi ameegemea ukuta, macho makavu, anajibu kila swali kwa kuchelewa. Alipofika kwenye siku ya mwisho, Ritha alitikisa kichwa. "Sijui, mama. Jana yake nilikuwa shambani kutwa. Nimerudi nimemkuta amelala."

Emiliana alirudi gengeni akiwa na njaa, akaitazama nafasi iliyobaki kwenye ukurasa. Habakuki alistahili kuwa na jioni yake. Akafikiria njia aliyokuwa akipita kutoka karakana, na kwenye kona ya njia ile kuna nyumba ya Bibi Shida.

Bibi Shida alikuwa kikongwe aliyezika mume na watoto watatu, akabaki na sufuria. Kila asubuhi na kila jioni alipika uji wa mahindi, akaukamulia ukwaju, na hakuna aliyepita kwenye kona ile bila kuitwa. "Wewe, mtoto wa nani wewe, njoo unywe uji, unakimbilia wapi?" Ukisikika ugonjwa kwenye nyumba yoyote, yeye ndiye wa kwanza kugonga, chupa ya chai imejaa uji, ameifunga na khanga isipoe. Unga ni wa shamba lake, kuni anaokota mwenyewe, na shukrani hakuwahi kudai. Emiliana alimpenda. Kwa hiyo aliandika: "Jioni ile, akirudi kutoka kazini, alipita kwa Bibi Shida. Alikunywa uji kikombe kimoja, akashukuru, akaenda zake."

Aliposoma sentensi ile makaburini, mguno ulipita kati ya watu. Aliudhani ni uchungu, akashusha sauti ili usikike vizuri zaidi.

Siku kumi na saba baadaye alikufa mzee Abraham, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda cha mkonge enzi za kiwanda. Emiliana alimuuliza bintiye kuhusu siku ya mwisho, na yule binti akajibu bila kusita: "Alikunywa uji wa Bibi Shida." Emiliana aliinua kalamu. Sentensi ya kwanza aliitunga mwenyewe, hakuna aliyemwambia, na sasa ilikuwa inamrudia kutoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, ikiwa kweli. Akaiandika. Angefanyaje? Ndivyo ilivyokuwa.

Wa tatu alikuwa mama kijana, wiki mbili tu baada ya kujifungua. Safari hii dada wa marehemu hakungoja swali. "Andika, mama," alisema huku anamtazama usoni. "Alikunywa uji." Na siku ya maziko Emiliana alipofika pale, akatamka "Bibi Shida," alisikia sauti nyingine ikisema pamoja naye. Halafu nyingine. Akainua macho. Watu wote, wanaume kwa wanawake, walikuwa wanasema naye polepole, midomo ikicheza sawasawa kama wanavyoitikia litania: alikunywa uji kikombe kimoja, akashukuru, akaenda zake. Hakuna aliyelia. Walimaliza, wakanyamaza, wakamtazama kwa adabu wakisubiri aendelee.

Kuanzia hapo Kambini palibadilika. Kwenye mkonge ilizaliwa njia mpya. Hakuna aliyeitengeneza, hakuna aliyeizungumzia, ila majani yalilala, udongo ukaonekana, na njia ikazunguka mbali kabisa na kona ya Bibi Shida ikatokea kisimani. Sufuria yake ilikuwa inafika saa sita mchana bado imejaa. Watoto waliokuwa wakicheza wakimwona walisimama, wakanyamaza wote kwa pamoja, mpaka apite. Yeye aliwasalimu, akadhani wamefundishwa heshima mpya.

Ritha, mjane wa Habakuki, ndiye aliyemtisha Emiliana kuliko wote. Siku moja alikuja gengeni kununua dagaa, akasema bila kuulizwa, "Mimi nilimwona kwa macho yangu. Amesimama mlangoni kwa yule bibi, kofia mkononi, anakunywa." Emiliana alibaki ameshika kipimo cha dagaa. "Lakini Ritha, uliniambia ulikuwa shambani." Ritha alihesabu hela yake, akamwekea mezani. "Nilimwona," alirudia, akachukua dagaa wake akaondoka.

Basi mwezi wa sita akafa Valentino, mkata mkonge wa mwisho wa Kambini, kifua kikiwa kimemsumbua miaka saba. Alikufa Jumatano. Maziko yakapangwa Ijumaa, saa tisa alasiri, ili ndugu wa Dindira wawahi kushuka.

Alhamisi asubuhi mwenyekiti wa kitongoji, Deogratius, alifika gengeni. Ni mtu mpole, anayevua kofia akisalimia, na upole huo ndio uliofanya maneno yake yawe mazito.

"Mama Wasifu, karatasi ya kesho uiandike vizuri. Hasa pale mwisho."

"Kuna nini pale mwisho?"

"Jumamosi anakuja yule mtaalamu wa Handeni. Wa kusafisha vijiji. Nimemwambia ushahidi tunao, umeandikwa, na nitampa nakala zote nne."

Emiliana alimjua mtu huyo kwa sifa. Mwaka jana alikwenda Handeni kumtazama bintiye aliyeolewa huko, na siku moja wakitoka shambani walipita kwenye nyumba iliyoungua. Kuta zilikuwa nyeusi, mlango haupo, na kwenye kizingiti kilibaki kiatu kimoja cha plastiki kilichoyeyuka nusu. Aliuliza palikuwa na nani. Bintiye akasema, "Palikuwa na bibi," akaongeza mwendo. Aliyemnyooshea bibi huyo kidole alikuwa mtaalamu huyohuyo.

"Deogratius mwanangu," Emiliana alisema, "mimi sikumtuhumu mtu."

"Ulimtaja, mama. Sisi tungejuaje? Wewe ndiye uliyetufumbua macho." Akavua kofia tena, akaaga.

Emiliana alifunga genge. Miaka kumi na tisa alikuwa akiandika ili watu walie, na kila walipolia alijiona mtu. Sasa sentensi yake moja, aliyoitunga akiwa na njaa anataka kumaliza akale, ilikuwa imekata njia mpya kwenye mkonge, imewawekea watu maneno midomoni, na keshokutwa ingemchoma kikongwe ndani ya nyumba yake. Alikwenda kwa Bibi Shida kwa njia ya zamani, ambayo tayari nyasi zilikuwa zinaifunika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu! Karibu, karibu kigoda. Siku hizi watu mnapita wapi?"

Emiliana aliketi. "Bibi, nina swali. Habakuki, ile jioni kabla hajafa, alipita hapa?"

Bibi Shida aliacha kukoroga. "Alipita."

"Una hakika?"

"Mwanzoni nilikuwa sikumbuki. Nikasema siku ile si nilikuwa nimelala na homa? Lakini wewe uliandika alipita, na wewe husahau vitu, mwanangu. Mimi ndiye ninayesahau. Sasa namwona kabisa, pale mlangoni, kofia mkononi."

Jua lilikuwa linawaka, kuku wanaparua uani. Emiliana alimtazama yule bibi, akageuka kuutazama mlango, akaona kwamba akikaa kidogo pale naye atamwona Habakuki.

"Kunywa uji," Bibi Shida alisema, akamwekea kikombe mkononi.

Hapo ndipo aibu kubwa ilipomkuta, maana mkono ulikataa. Uji ulikuwa uji, unatoa moshi, unanukia ukwaju kama miaka yote, lakini yeye aliyeyatunga maneno yale, yeye peke yake duniani aliyejua yalikotoka, aliogopa. Aliliona jina lake kwenye karatasi: Emiliana, alikunywa uji kikombe kimoja, akashukuru. Bibi Shida alikuwa anamsubiri, anatabasamu, meno mawili. Emiliana alipiga moyo konde akanywa. Akaomba kingine.

Akiwa anakunywa cha pili, wazo likamjia, na lilikuwa jepesi mpaka akajichukia kwa kuchelewa kulipata. Bibi Shida humpelekea uji kila anayeumwa. Mgonjwa atakayekufa atakuwa ameunywa, na mgonjwa atakayepona atakuwa ameunywa pia, ila huyu wa pili hakuna anayemwandika. Kaunta buku lake lilikuwa la wafu watupu. Waliokunywa, wakaamka kesho yake wakaenda kupalilia, hawakuwa na ukurasa.

Alitoka pale akaligeuza daftari juu chini, akaanza kuandika kutoka nyuma.

Kazi ya Alhamisi ile hatakaa aisahau. Alipita nyumba kwa nyumba mchana kweupe, akaketi kama anavyoketi msibani, akauliza kama anavyouliza msibani. Ulizaliwa wapi? Wazazi wako ni akina nani? Una watoto wangapi? Uji wa Bibi Shida uliunywa lini mara ya mwisho? Watu walipauka. Mzee Sadala alisikiliza swali la kwanza, akainuka, akaingia ndani akafunga komeo, na kutoka dirishani akasema kwa sauti ya kuomba, "Mama, mimi bado, nenda kwa mwingine." Mwanamke mmoja alimtemea mate miguuni kufukuza mkosi. Yordani, mwendesha bodaboda, alicheka kwanza, halafu kicheko kikamkatika. "Shikamoo mama. Kwani mimi nimekufa?"

"Marahaba. Hujafa. Ndicho ninachotaka kuandika."

Yordani alifikiri, akatazama kushoto na kulia. "Nilikunywa Jumatatu," alinong'ona. "Na jana. Napitia kule nyuma watu wasinione. Njaa haina adabu, mama."

Kwa namna hiyo, kwa minong'ono ya nyuma ya nyumba, alipata majina kumi na moja. Faudhia mkunga alikuwa mmojawapo, na yeye ndiye pekee aliyejibu kwa sauti ya kawaida.

Ijumaa watu walijaa makaburini mpaka kwenye mkonge. Upepo ulikuwa umetulia, na milingoti kwa mara ya kwanza haikusema kitu. Bibi Shida alikuja, kwa kuwa Valentino alikuwa jirani yake na hakuna maziko aliyowahi kukosa. Aliketi chini kwenye ukingo wa shamba, na kumzunguka pakabaki duara la udongo mtupu, upana wa nyumba, ambalo hakuna aliyelikanyaga.

Emiliana alikohoa mara mbili. Alimsoma Valentino, kuzaliwa kwake, baba yake aliyekuja na namba shingoni, watoto watano, wajukuu kumi na wawili. Safari hii hakuruka ugonjwa. Alisema kifua, alisema miaka saba, alisema damu kwenye kitambaa. Alipotamka "siku ya mwisho" alisikia mamia ya watu wakivuta pumzi kwa pamoja, wanajiandaa. Midomo ilikuwa imeshafunguka. Yeye akanyamaza.

Mahali fulani nyuma, sauti moja ilishindwa kujizuia, ikasema peke yake, "...uji kikombe kimoja," ikakatika.

"Ndugu zangu," Emiliana alisema, "maneno hayo niliyatunga mimi. Ya Habakuki. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na nafasi kwenye karatasi, nikaijaza. Nimewadanganya, na ninawaomba radhi mbele ya maiti huyu."

Alidhani sasa yamekwisha. Alikuwa amejivua nguo mbele ya Kambini nzima, heshima ya miaka kumi na tisa ameitupa kaburini, na mtu akifanya hivyo anategemea kuaminiwa. Lakini Ritha alisimama, amejifunga khanga nyeusi, akasema kwa utulivu, "Huo ndio uongo. Nilimwona." Na mwingine akasema, "Hata mimi nilimwona." Na wa tatu, na wa nne, mpaka ikawa kwamba jioni ile nusu ya Kambini ilikuwa imesimama kwenye kona inamtazama Habakuki akinywa uji. Deogratius alisogea karibu naye. "Mama," alimwambia taratibu, "umechoka. Soma tu kama ilivyoandikwa."

Wameiamini karatasi kuliko yeye mwenyewe aliyeiandika. Haya basi. Emiliana aligeuza daftari.

"Yordani," alisoma, kwa sauti yake ileile ya msibani. "Alizaliwa hapa Kambini, mtoto wa tatu wa mzee Simoni. Alisoma mpaka kidato cha pili. Ni mwendesha bodaboda. Ana mke na mtoto mmoja..."

Mama yake Yordani alipiga ukelele. "Usimsome mwanangu! Usimsome hapo!" Watu walirudi nyuma, maana haijapata kutokea tangu Kambini ianze kuzika, jina la mtu mzima wa afya kusomwa mdomoni mwa kaburi. Wanaume wawili walifanya ishara ya msalaba. Emiliana hakuacha kusoma.

"Siku ya Jumatatu alipita kwa Bibi Shida. Alikunywa uji vikombe viwili, akashukuru, akaenda zake. Jumanne aliamka. Jumatano alipita tena, akanywa. Alhamisi aliamka."

Kila kichwa kiligeuka. Walimtazama Yordani kama mtu anayetazama maiti kuona kama inapumua, na Yordani mwenyewe, jasho linamtoka, alijigusa kifua. "Nipo," alisema.

Emiliana alifungua ukurasa mwingine. Faudhia, mkunga, mama wa watoto wanne, alikunywa mwezi mzima wa Ramadhani wakati wa kufuturu. "Nipo," Faudhia alisema kutoka upande wa akina mama, bila hata kusimama. Wa tatu. Wa nne. Kila jina liliposomwa watu walishtuka, na kila mwenye jina alipoitikia walishtuka zaidi. Wa kumi na mmoja alipoitikia, Emiliana alijisoma mwenyewe, kuzaliwa, ndoa, ujane, genge, mpaka: "Jana saa nne asubuhi alikunywa vikombe viwili, kwa woga. Yupo."

Ritha alikuwa bado amesimama. Alipita kati ya watu, akalizunguka jeneza, akaja mpaka mbele ya Emiliana, karibu kabisa.

"Niandike na mimi," alisema.

"Wewe ulikunywa?"

"Kila asubuhi, tangu tumemzika Habakuki. Matanga yalipokwisha wote mliondoka, yeye peke yake alikuwa anakuja kugonga. Nilijua ndio uliomuua mume wangu. Nilimwona anaunywa." Sasa alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. "Nilikunywa ili nimfuate. Miezi minne, mama. Kila siku nalala nikijua siamki, na kila siku naamka. Andika."

Emiliana aliandika akiwa amesimama, daftari limeegemea jeneza la Valentino kwa kukosa pa kuegemea. Alipoinua macho, nyuma ya Ritha alikuwepo mwanamke mwingine, na nyuma ya huyo mwanaume, na mstari ulikuwa unaendelea kukua. Na mimi. Na mimi, na wanangu. Mzee Sadala alikuja akasema, "Haya, sasa niandike." Deogratius alikuwa wa thelathini na moja. Alivua kofia, akataja jina la baba yake, akataja wiki iliyopita, kisha akajitenga kidogo na simu, na wa karibu walimsikia akimwambia mtu wa Handeni asijisumbue kuja.

Jua lilikuwa limeshaufikia mlima walipomshusha Valentino, na ndugu wa Dindira walikuwa wanalalamika kuhusu gari la kurudi. Emiliana alikuwa anafunga daftari alipoona bado amebaki mtu mmoja. Bibi Shida alikuwa amejikongoja kutoka kule ukingoni, amesimama mwisho wa mstari uliokwisha kuondoka, anangoja zamu yake.

"Jina kamili, Bibi?"

"Shida binti Hiza. Nilizaliwa Handeni, mwaka wa njaa."

"Na uji uliunywa lini?"

Bibi Shida alishangazwa na swali lenyewe. "Kila siku, mwanangu, wa kwanza mimi. Lazima niuonje kabla sijampa mtu, nisije nikamuunguza ulimi."